Simu za ofisi kwa programu huria: FreePBX, FusionPBX au Asterisk tupu?

BiSafari
Wakuu, heshima mbele. Tuna kampuni ndogo ya utalii, watu saba Arusha na wawili Dar. Mteja akipiga anaangukia simu ya mkononi ya mtu aliyeko porini, mtandao hakuna, kazi inakwenda kwa jirani. Nataka namba moja, anayepiga aambiwe abonyeze 1 kwa safari na 2 kwa malipo, halafu Dar na Arusha tuitane bila kuchoma vocha. Sina fundi wa kuajiri, nina mdogo wangu anayeijua Linux kidogo. Kipi hakitatutoa jasho?

MzeeSwichi
Dada, tutenganishe kwanza. Asterisk ni injini ya kuendesha simu za ofisi. Mark Spencer aliianza 1999 baada ya kuona bei ya mtambo wa simu imemshinda. Inafanya karibu kila kitu, ila unaiamuru kwa mafaili ya maandishi. FreePBX ni kurasa za kubofya juu ya injini hiyohiyo. FusionPBX nayo imekalia injini nyingine, FreeSWITCH.

Kwa watu tisa, chukua FreePBX. Toleo la 17 linaingia juu ya Debian 12 (aina ya Linux) kwa skripti moja. Menyu ya "bonyeza 1" utaichora siku hiyohiyo.

Nahodha_wa_Seva
Naunga mkono, ingawa mimi mwenyewe natumia FusionPBX. Uzuri wake unauona ukihudumia kampuni nyingi kwenye seva moja, kila moja na domeini yake. Kwa ofisi moja ni kununua basi la kupeleka watoto wawili shule.

kijana_wa_sakina
Mimi Asterisk tupu tu. Mpango wangu wote wa simu ni kurasa mbili, naujua mstari kwa mstari. FreePBX inaandika mafaili mengi mno, kikiharibika kitu hujui pa kushika.

MzeeSwichi
Na siku ukipata kazi Mwanza, nani atazisoma kurasa zako mbili? Kwenye biashara ndogo mimi naangalia nani atarithi. Halafu aonywe mdogo wake: video nyingi bado zinafundisha sip.conf, faili la mipangilio ya chan_sip, moduli ya zamani ya SIP (lugha ya kuunganisha simu kwa intaneti), wakati chan_sip iliondolewa tangu Asterisk 21. Siku hizi ni moduli mpya, PJSIP. Nimeona vijana wakikesha kwa hilo.

BiSafari
Sawa, FreePBX. Niiweke ofisini au nikodi seva ya nje?

Nahodha_wa_Seva
Kodi. Haujali umeme, una IP ya umma (anwani inayofikika kutoka popote kwenye intaneti), na ofisi zote mbili zinaifikia sawa.

DadaFaiba
Hapo napinga, mkuu. Nilipima kutoka Dar hadi seva ya Frankfurt, kwenda na kurudi kama milisekunde 160. Sasa wafanyakazi wawili wa chumba kimoja wakipigiana kupitia seva hiyo, sauti inapanda Ulaya kisha inashuka: 80 na 80, kabla hujahesabu ucheleweshaji wa vifaa vyenyewe. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri isizidi 150 kwa njia moja. Utasikia watu wanagongana maneno. Na faiba ikikatika, hata simu ya mezani hadi mezani imekufa.

Weka kompyuta ndogo ofisini Arusha, na UPS inayobeba pia ruta na swichi ya mtandao (wengi wanaisahau swichi). Dar waunganishe kwa WireGuard (VPN, njia ya faragha kupitia intaneti). Kama faiba yenu haina IP ya umma, hapo ndipo ukodi kiseva cha bei ya chini kiwe daraja la WireGuard tu. Raspberry Pi inaweza, lakini kadi ya SD na umeme wetu havipatani.

Intaneti isikutishe: G.711, mfumo wa kawaida wa kubeba sauti ya simu, inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande kwa simu moja. Simu tano hazifiki nusu megabiti.

Nahodha_wa_Seva
Hilo la chumba kimoja sikulifikiria. Wateja wangu wengi hawapigiani ndani.

MzeeSwichi
Usalama sasa, maana hapa mimi nililia. Mwaka mmoja nilifungua bandari 5060, mlango wa SIP, kwa dunia nzima, na namba ya ndani 100 ilikuwa na paswedi 100. Ijumaa jioni nikafunga ofisi. Jumatatu salio lote la tranki (laini ya kampuni ya simu inayoingia kwenye mtambo) lilikuwa limeishia kwenye simu za nchi ambazo hatuna hata mteja. Kwa hiyo: usifungue 5060 kwa kila mtu, mruhusu mtoa tranki wako peke yake. Paswedi iachwe ileile ndefu inayotengenezwa na mfumo. Washa fayawoli ya FreePBX na fail2ban, inayomfungia anayekosea paswedi mara nyingi. Simu za kimataifa zifunge, azifungue anayezihitaji.

kijana_wa_sakina
Na ukisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, zima SIP ALG (kipengele kinachobadilisha ujumbe wa SIP unaopita) kwenye ruta kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha ujaze IP ya nje na mitandao ya ndani kwenye mipangilio ya SIP.

BiSafari
Namba je? Wateja wanaijua laini yetu ya SIM, sitaki kuibadili.

DadaFaiba
Kuna getiwei za GSM, unachomeka SIM na FreePBX inaiona kama tranki. Ila mweleze mtoa huduma wako kabla. Kupokea simu za nje kwa intaneti na kuzimwaga nchini kupitia SIM ni kosa, watu wamefikishwa mahakamani, na usingependa kisanduku chako kifanane na chao. Njia safi zaidi ni tranki ya SIP ya kampuni ya simu, ile namba ya zamani uielekeze huko.

BiSafari
Asanteni sana. Kompyuta mtumba nimepata, Debian imeingia, skripti inakimbia sasa hivi. Simu tatu za mezani nilizonunua nazo zinadai paswedi ya mwenye nazo wa kwanza.

kijana_wa_sakina
Zirudishe kwenye hali ya kiwandani. Nitumie modeli, nikuambie ushike kitufe gani.