Majirani Section 58, Nakuru: Mikono ya Watoto, Jumamosi

*Jumatano*

18:42 Mama Neema: Hamjambo majirani. Jumamosi saa nne asubuhi watoto wote varanda ya nyuma. Watachapa viganja kwenye marikani, halafu kila mtoto aende nyumbani na mkono wake wa plasta. Mia moja kwa kila mtoto. Nataka majina leo.

18:43 Mama Neema: LEO

19:31 Mama Neema: Naona mmesoma watu kumi na mmoja.

19:34 Baba Tito: Plasta iko. Nusu mfuko umebaki kazini. Si ile ya kuunga bodi, ni ile ya kumwagia maua ya dari. Ila mfuko umekaa wazi, na plasta ikinyonya unyevu hufa. Kesho nachanganya kikombe kimoja. Ikiganda ndani ya nusu saa ni nzima, ikibaki uji tuiache.

19:36 Mama Neema: Ubarikiwe. Basi mtoto anatia mkono kwenye ndoo, inaganda, anautoa.

19:36 Baba Tito: Anautoa vipi sasa 😂 kwa nyundo?

19:37 Baba Shiro: Wangu mtieni mpaka shule zifunguliwe

19:37 Baba Shiro: Na miguu

19:38 Mama Kanini: 😂😂😂

19:44 Mwalimu Chebet: Jamani hili si la kucheka. Plasta inapoganda hutoa joto. Ikiwa nyingi inaweza kufika nyuzi 60, na wakati huo mkono umeshanaswa ndani. Uingereza mwaka 2007 msichana wa miaka 16 alitia mikono kwenye ndoo ya plasta katika kipindi cha sanaa, akapoteza vidole vingi.

19:46 Baba Shiro: Mwalimu umetuharibia chakula

19:47 Mama Neema: Tusitishane. Hospitali si hufunga mkono uliovunjika kwa plasta hiyo hiyo?

19:49 Mwalimu Chebet: Ile ni bandeji nyembamba na chini yake kuna pamba. Joto lina pa kutokea. Kwenye ndoo halina.

19:52 Mama Kanini: Kuhusu hiyo mia moja. Zile za turubai ziliishia wapi?

19:53 Mama Neema: Mama Kanini, si hapa.

19:53 Mama Kanini: Hapa ndipo zilipoombwa.

19:54 Baba Shiro: 👀

20:15 Shosho: Hakuna mtoto wa ploti hii atakayetia mkono ndani ya plasta. Na ya turubai mtakuja kuniambia mimi, si huku.

20:41 Mama Neema: Sawa Shosho.

*Alhamisi*

12:50 Baba Tito: Plasta ni nzima, imeganda kwa dakika 20. Njia ni moja, mkono uguse mchanga, plasta iguse mchanga, hivyo viwili visikutane. Mchanga laini wa mto, ulowe kiasi kwamba ukiufinya unashikana lakini hautoi maji. Jaza beseni dogo. Mtoto atanue vidole, abonyeze, anyanyue juu moja kwa moja. Vidole vikibanana, ule mchanga wa katikati hubomoka na mkono unatoka kama wa bata.

12:53 Baba Tito: Kuchanganya ni kazi yangu, nje, na barakoa, kwa sababu vumbi lake si zuri kifuani. Maji kikombe kimoja kwanza, ndipo unanyunyiza plasta vikombe viwili kidogo kidogo. Usikoroge bado, iache dakika moja inyonye. Ukikoroga kwa fujo unaingiza mapovu, na hayo mapovu ndiyo matundu utakayoyaona kwenye vidole. Mimina juu ya mgongo wa kijiko ili isichimbe mchanga. Nusu saa, kisha chimbua kutoka chini. Ukivuta kidole kinakatika.

12:54 Baba Tito: Ndoo isioshwe kwenye sinki. Hugandia ndani ya bomba.

12:55 Baba Shiro: Kama ile ya kwa nani vile

12:55 Mama Kanini: Usinianze.

13:10 Mama Neema: Safi sana. Na marikani? Nimeshasema rangi ya geti iliyobaki itatosha.

13:22 Mwalimu Chebet: Hapana, hiyo ni ya mafuta. Kuitoa kwenye ngozi ni tapentaini, na hiyo si ya kumpaka mtoto. Tununue rangi ya maji ya kitambaa, iliyoandikwa haina sumu: nyeupe chupa mbili, nyekundu moja. Tutachapa heroe wa ziwani. Waridi huanza na nyeupe, nyekundu unaidondosha tone kwa tone. Ukianza na nyekundu utamaliza nyeupe yote na bado ni nyekundu.

13:27 Mwalimu Chebet: Marikani ifuliwe kwanza itoke wanga, la sivyo rangi hukaa juu na kubanduka. Chini yake weka katoni. Rangi ipakwe kiganjani kwa sponji, wasichovye. Ikiwa nyingi mistari ya kiganja hupotea, unabaki na doa. Kiganja kilale upande, vidole vinne pamoja ndiyo manyoya, gumba lisimame liwe mwanzo wa shingo. Wewe ndiye unabonyeza kidole kimoja kimoja, maana mtoto akiachiwa hutingisha. Shingo, miguu na mdomo wachore ikikauka. Mdomo wa heroe umepinda kwenda chini, ncha nyeusi, wengi huukosea. Siku inayofuata piga pasi upande wa nyuma.

13:29 Mama Neema: Na wasiopenda kushika rangi? Wa namba 7 hulia hata kwa uji.

13:33 Mwalimu Chebet: Huyo aweke mkono mkavu juu ya karatasi ya manila, avae mfuko wa plastiki, nasi turushe rangi kwa mswaki pembeni. Akiuondoa anaona umbo lake jeupe. Ndivyo walivyofanya watu wa kale kwenye pango la Cueva de las Manos kule Argentina, ila wao walipuliza rangi kwa mrija. Mingi ni mikono ya kushoto, huenda kwa sababu mrija ulishikwa kwa mkono wa kulia.

13:34 Baba Shiro: Na wao walichanga mia moja?

13:35 Mama Kanini: Na turubai walikuwa nalo 😂

13:36 Mama Neema: MAJINA. Nimepata wanne tu. Rangi inanunuliwa leo jioni, baadaye msiseme hamkuambiwa. Mchanga je? Baba Shiro, wewe uko kwenye mjengo.

16:02 Mama wa namba 7: Samahani nimeona sasa. Ni saa nne ya asubuhi? Wangu ana madrasa mpaka sita.

16:05 Shosho: Aanze saa nane. Wote waanze saa nane.

16:20 Mama Neema: Lakini Shosho, saa nane mvua hunyesha, na plasta na marikani haviwezi kukauka

16:48 Mama Neema: Shosho?

17:30 Baba Tito: Varanda ya nyuma inavuja. Tungekuwa na turubai…

17:31 Mama Neema: Baba Tito.

18:09 Baba Shiro: 👍

18:10 Mama Neema: 👍 ya nini? Ya mchanga au ya turubai?