Kanisimamishia filamu mbele ya MAMA MKWE! Ati mimi ndiye yule tajiri wa mafuta!

Mwenye Viti:
Wanabaraza, salamu baadaye. Nimepandwa na hamaki, hata chai imenishinda.

Mnamjua ninayemsema, simtaji. Msomi wetu. Aliondoka na mkoba kwenda Nairobi akarudi na ndevu na neno "ubepari". Ukimkaribisha kahawa anakuuliza kwanza nani alilipwa ngapi kuichuma, na kikombe kinapoa.

Jana usiku, Idi mosi, tumetundika shuka uwanjani. Watoto wa mtaa mzima kwenye mikeka, wakubwa kwenye viti. Viti vyangu. Jenereta yangu pia, maana stima ilikuwa imeshapotea tangu magharibi. Bila mimi wangekaa kutazama shuka. Filamu yenyewe ni The Muppets ya 2011, wale wanasesere wa kitambaa, chura na nguruwe wanaimba, mali safi kabisa ya familia. Hakuna hata busu la kumfanya mtu mzima akohoe.

Ikafika pale kwa tajiri wa mafuta, Tex Richman, anayetaka kuubomoa ukumbi wa wale wanasesere achimbe mafuta chini yake. Kucheka hawezi, basi hutamka kwa mdomo tu: "Kicheko kiovu, kicheko kiovu." Watoto mbavu hawana. Na mimi nimo, nacheka.

Bwana yule akachukua rimoti. AKASIMAMISHA FILAMU. Tajiri kaganda, mdomo wazi. Msomi akasimama mbele ya projekta mpaka kivuli chake kikajaa shuka zima, akawauliza watoto: "Hapa mtaani mnamjua mtu kama huyu? Anayepandisha bei siku watu wana furaha?" Kisha akaninyoshea kidole. Kivuli cha kidole kile kilikuwa kirefu kama mnara wa msikiti.

Kiti ni sh 50. Siku nyingine ni sh 20, nani amekataa? Jenereta inakunywa petroli, hainywi dua. Kuna aliyeniuliza petroli ni bei gani ikishavuka maji kutoka Mokowe kule bara hadi huku kisiwani?

Lakini bei hainiumi. Inaniuma ile rimoti. Angesubiri iishe. Angenivuta kando, "shemeji, hapa umezidisha," tungemalizana kifamilia. La, akasimamisha filamu! Na mama mkwe yuko mstari wa mbele (kiti chake nilimpa bure, hilo nalo liandikwe). Akageuka akanitazama. Akamtazama tajiri. Akanitazama tena. Wallahi alikuwa analinganisha.

Asubuhi hii napita njia ya madukani, kitoto cha jirani, meno ya mbele hakina: "Kicheko kiovu! Kicheko kiovu!" Mwenye punda akadakia. Punda naye sina uhakika alinyamaza.

Chura ni chura. Siasa ya ubepari imeingia wapi kwenye chura? Na rimoti nani alimpa?

Punda Hana Breki:
Nilikuwapo. Kidole hakikufika hata pindo la shuka. Ila kulinganisha, ni kweli, bibi alilinganisha.

Binti Mkomani:
Mimi nimekwama hapo kwenye "nilimpa bure". Si mkeo aliyemlipia mamake?

Mwenye Viti:
Alimlipia bisi. Bisi ni hesabu nyingine.

Punda Hana Breki:
Kicheko kiovu, kicheko kiovu.

Msomaji wa Usiku:
Tumtendee haki msomi, hakuanza yeye. Desemba 2011 mtangazaji Eric Bolling wa Fox Business, huko Marekani, aliikalia kitako filamu hiyo hiyo kwenye kipindi chake, kwamba Hollywood inawatia watoto chuki dhidi ya matajiri kwa kumfanya mwenye mafuta kuwa mbaya. Mwezi uliofuata wanasesere wenyewe wakaulizwa London mbele ya waandishi wa habari. Chura Kermit akajibu, kama wana ugomvi na kampuni za mafuta, mbona kwenye filamu wanazunguka na Rolls-Royce inayobugia petroli?

Mwenye Viti:
Mmeona? Hata chura yuko upande wangu! Na huyo Mmarekani alau aliiacha filamu ikaisha. Hakushika rimoti ya mtu.

Mjukuu wa Bibi:
Siasa ndani ya hadithi za watoto ni ya jana? Abunuwasi je? Tajiri anadai alipwe kwa sababu maskini kanusa harufu ya chakula chake, Abunuwasi anamlipa mlio wa sarafu. Bibi alitusimulia hiyo tukiwa tumejifunika shuka moja, na hakuna mzazi aliyekuja kulalamika kuwa tunafunzwa kuchukia wafanyabiashara. Ila kusema kweli yule tajiri wa Abunuwasi hakutoza viti.

Binti Mkomani:
Afadhali filamu. Kwangu iko Monopoly. Ule mchezo ulitokana na wa Mmarekani Lizzie Magie, aliyepata hataza yake 1904, na nia yake ilikuwa watu waone ubaya wa wachache kuhodhi ardhi. Mwanangu ameelewa kinyume. Kanifilisi, kanidai kodi mpaka ya choo, akaenda kulala bila hata kunitakia usiku mwema.

Kaka wa Malindi:
Sh 50 ndiyo mnaamshia watu uzi? Njooni Malindi. Nimepeleka watoto aiskrimu, menyu yote Kitaliano, bei nayo Kitaliano, na mwenye duka ni kijana wa Kisumu Ndogo, tumesoma naye darasa moja. Nikamwambia nipunguzie, akanijibu "ciao".

Nahodha Mstaafu:
Yeo mtu asema viti! Nauli za boti siku za Idi hamzioni? Huyo msomi wenu alipanda, akalipa, akanyamaza kimya. Angesimamisha boti basi tukamsikia.

Msomaji wa Usiku:
Halafu wanaotuuzia hizo filamu ni nani? Muppets ilinunuliwa na Disney 2004, na Disney si kibanda cha maembe. The Lorax ya 2012 inalilia miti iliyokatwa na mwenye kiwanda, kisha ikatumika kutangazia gari la Mazda. Unamcheka tajiri, na tiketi umemlipa tajiri.

Punda Hana Breki:
Kwa hiyo Disney ni Mwenye Viti aliyefanikiwa.

Mwenye Viti:
Sijakufungulia uzi unitukane. Tuzungumzie rimoti.

Fundi Spika:
Samahani, naingilia. Hizo bisi mbona zilikuwa chumvi tupu? Nimekunywa maji hadi alfajiri.

Kaka wa Malindi:
Zilikuwa bei gani?

Fundi Spika:
Sh 30 pakiti. Nusu yake hewa.

Mama wa Watatu:
Bisi nilikaanga mimi na zilikuwa sawa. Kuna mtu alikuja kuonja nilipoingia ndani kuswali, akaongeza vitu kwa mkono wake. Mnamjua, simtaji.

Nahodha Mstaafu:
Na nauli je?

Mwenye Viti:
Jamani, RIMOTI.

Fundi Spika:
Mama, aliongeza chumvi au magadi? Maana tumbo langu lasema magadi.

Mama wa Watatu:
Chumvi. Magadi nimeyaficha tangu Ramadhani, baada ya yale ya maharagwe, na nikianza kuyaeleza hayo hapa hamlali.

Binti Mkomani:
Eleza.