Jina moja jaladani, mwandishi kafichwa ukurasa wa shukrani: watoto wetu wanadanganywa halafu tunaambiwa "ni kawaida"

Wakuu, salamu. Nitaandika kwa hasira na siombi radhi, maana nimeimeza tangu Jumatatu na imekataa kushuka.

Niko Uingereza mwaka wa 14 sasa, natunza wazee, zamu za usiku. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, Tanga. Binti yangu ana miaka 13, na tangu mwaka jana anapandwa na hofu ghafla: kwenye basi, kwenye foleni ya chakula shuleni, mara moja ndani ya lifti mpaka tukashukia ghorofa isiyo yetu. Mwenye mtoto wa hivyo ananielewa. Kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, na mtoto anakuangalia utadhani anazama na wewe umesimama ufukweni.

Shule yao ina klabu ya usomaji. Muhula huu wamepewa riwaya ya Girl Online. Jaladani kuna jina moja tu: Zoe Sugg, yule dada wa YouTube anayejulikana kama Zoella. Kitabu ni cha Novemba 2014, kilitolewa na Penguin, na wiki ya kwanza tu hapa Uingereza ziliuzwa nakala 78,109. Hakuna mwandishi mpya aliyewahi kuanza na mauzo ya namna hiyo tangu hesabu hizo zianze kuwekwa mwaka 1998. Kinamhusu Penny Porter, msichana wa miaka 15 wa Brighton, anayeandika blogu bila kutaja jina lake. Tangu apate ajali ya gari, Penny anapandwa na hofu kama huyu wangu. Familia inasafiri kwenda New York, na yeye kupanda ndege tu ni mtihani. Anajitungia shujaa wa kichwani, Ocean Strong, ili amvae pale woga unapomjia.

Binti yangu alikimaliza kwa siku tatu. Mtoto huyu vitabu vya shule humbembeleza hadi nichoke. Nilipofungua nakala yake, kurasa za ile safari ya ndege zilikuwa zimepigiwa mstari wa penseli, mara tatu, karatasi karibu itoboke, na pembeni kaandika kwa herufi kubwa: NI HIVI HIVI.

Nililia pale jikoni. Kwa shukrani kabisa. Nikasema Mungu ambariki aliyeandika hiki kitabu.

Sasa sikilizeni. Klabu ikatoa kazi: kila mtoto amwandikie mwandishi barua amuulize aliandikaje. Wangu alikaa nayo jioni mbili. Kalamu ya bluu, karatasi ya mistari, akafuta, akaandika upya. Swali lake lilikuwa hili: "Ulifanyaje ukaweza kueleza jinsi pumzi inavyokatika? Mimi nikijaribu, maneno yanakimbia. Nina daftari langu la hadithi, nimefika ukurasa wa 11, naona ni baya. Wewe cha kwanza tu kilikuwa kizuri hivi."

Aliponipa niisome nikataka na mimi kumjua huyu mwandishi vizuri, nikaenda mwisho wa kitabu, kwenye shukrani. Pale Zoe anawashukuru watu wa Penguin kwa kumsaidia kuiweka pamoja riwaya yake ya kwanza, hasa wanawake wawili, Amy Alward na Siobhan Curham, kwamba walikuwa naye kila hatua. Mimi nimesahihisha insha za watoto miaka mingi. Najua harufu ya sentensi inayosema kitu kwa kukizunguka. Nikatafuta.

Kumbe ni habari ya Desemba 2014, iliandikwa kwenye magazeti hapa nchini. Penguin wenyewe walipobanwa walikiri kwamba kusema kweli Zoe Sugg hakukiandika kitabu peke yake. Curham ni mwandishi wa siku nyingi wa riwaya za vijana, na Agosti mwaka huohuo alikuwa ameandika kwenye blogu yake kuhusu kuandika riwaya ya maneno 80,000 kwa wiki sita. Zoe alijibu kwamba hadithi na wahusika ni wake, na kwamba kila mtu huhitaji msaada anapojaribu jambo jipya. Curham naye alisema vivyo hivyo, kwamba hadithi na wahusika ni wa Zoe. Kelele zikawa nyingi kiasi kwamba yule dada akakaa mbali na mtandao siku kadhaa.

Naanza na Zoe, ili msije mkanisukumia maneno ambayo sijayasema. Simchukii. Alikuwa na miaka 24. Alikuwa ameshazungumza hadharani kuhusu hofu yake tangu 2012, kwenye video, uso wazi, wakati wengi wa umaarufu wake wanaonyesha meno na vipodozi tu. Mwaka huo wa 2014 shirika la afya ya akili la Mind lilimfanya balozi wao. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hofu iliyo kwenye kile kitabu ni yake, ameiishi. Na wale watu wazima walioitumia ile kashfa kuwacheka wasichana, eti wanasoma takataka za mtu wa vipodozi, hao nawakasirikia vilevile. Msichana akipenda kitabu mnamcheka, asiposoma mnamcheka.

Hasira yangu iko kwa walioketi mezani wakapanga jalada. Watu wazima, wenye mshahara, wanaojua kuandika kitabu ni kazi gani. Walijua wanunuzi ni watoto wa miaka 11 hadi 15. Walijua mtoto huyo anamwamini Zoe kuliko anavyomwamini mwalimu wake, maana kila wiki anaingia chumbani kwake kwa njia ya simu na kuzungumza naye kama dada mkubwa. Na uaminifu huohuo ndio walioufanyia biashara. Jina la pili jaladani lingewagharimu nini? Herufi 13 za wino.

Msiniambie haiwezekani. Mwaka mmoja kabla yake, 2013, kilitoka kitabu cha Malala Yousafzai. Msichana wa miaka 16, maarufu dunia nzima, aliyepigwa risasi kwa kutaka kusoma. Jaladani imeandikwa wazi: Malala Yousafzai pamoja na Christina Lamb. Toleo la vijana lililofuata lina jina la Patricia McCormick. Je, kuna aliyemdharau Malala kwa hilo? Mwaka 2014 huohuo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mtoto akisoma jalada lile anajifunza jambo la kweli: kwamba mtu anaweza kuwa na habari nzito kifuani, akakaa na fundi wa maneno, wakaitoa pamoja.

Lakini biashara haikujifunza. Mwaka 2023 Millie Bobby Brown, yule binti wa tamthilia ambaye mashabiki wake wengi ni vijana, akatoa riwaya ya Nineteen Steps, kuhusu maafa ya kituo cha treni cha Bethnal Green hapa London, Machi 1943, walipokufa watu 173 kwenye ngazi. Jalada: jina lake peke yake. Aliyeshika kalamu ni Kathleen McGurl. Yule binti alimtaja na kumshukuru mwenyewe hadharani, na kwa hilo namvulia kofia, lakini jalada ni lilelile, na jalada ndilo linalokaa kwenye rafu ya maktaba miaka na miaka baada ya maneno ya mtandaoni kusahaulika. Binti yangu alikuwa mtoto mchanga wa mwaka mmoja au miwili kelele za 2014 zilipopigwa. Kilichomfikia yeye ni jalada.

Nirudi nyumbani. Nilikaa na ile siri usiku mzima wa zamu. Nimwambie, nisimwambie? Nikaona nikimficha nitakuwa mmoja wao. Nikamwambia asubuhi, kabla ya chai. Hakulia. Aliuliza jambo moja: "Mama, sasa barua yangu nimpelekee nani?"

Nijibuni nyie basi, nimpelekee nani? Mtoto ameuliza swali la ufundi. Pumzi inayokatika unaiandikaje? Hilo swali lina mwenyewe, na huenda mwenyewe ni huyu, huenda ni yule, huenda ni wote wawili usiku mmoja kwenye simu, mmoja anaeleza, mwingine anaandika. Ile ndiyo sehemu ambayo mtoto wangu angeihitaji kuliko zote! Angejua kwamba kurasa anazozipenda hazikutoka kwa mtu mmoja anayeanza, zilipita kwenye mkono wa mwanamke aliyekwisha kuandika riwaya nyingine kabla yake. Badala yake anapima ukurasa wake wa 11, alioandika peke yake kitandani, na kazi ya watu wawili, watatu na wahariri wao. Kisha anajiona mbaya. Alikuwa ameliacha lile daftari wiki mbili, mimi sijui.

Nikaenda kuongea na msimamizi wa klabu. Simtaji yeye wala shule. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema watoto hawajali nani kaandika, la muhimu wanasoma, na kwamba ni kawaida katika fani hiyo. Nikamuuliza: mmewapa watoto 20 kazi ya kumuuliza mtu alivyoandika kitabu, na nyinyi mnajua hakukiandika peke yake, hiyo nayo ni kawaida? Akasema atalifikiria.

Hilo neno "hawajali" ndilo lililonileta hapa. Mmewauliza? Nenda kasome maoni ya wasomaji wenyewe ya wakati ule. Wapo waliosema hawana shida, kitabu kiliwafanya wajione hawako peke yao, na hao nawaamini kwa sababu ninaye mmoja nyumbani. Wapo walioona wamesalitiwa, waliosema walikuwa wanajivunia kwamba mtu wao kaandika. Mtoto anaweza kuwa yote mawili kwa siku moja. Wangu bado anakipenda kitabu. Na ameumia.

Halafu naangalia kwetu tulikotoka. Mwana Kupona alipotunga utenzi wake mwaka 1858, mama mgonjwa anayemwandikia binti yake, beti za mwisho alitaja jina lake, Mwana Kupona Mshamu, na kwamba alizaliwa Pate. Nilikuwa nikifundisha zile beti na wanafunzi wanataka kuziruka kwa kuwa "hazina mafunzo". Nilikuwa nawaambia hapana, someni, hapo mtunzi anasimama mbele yenu. Mwanamke wa karne ya 19 alijua kwamba maneno unayompa mtoto lazima yawe na mwenyewe.

Madai yangu ni mafupi. Kitabu cha kijana kikiandikwa na wawili, jaladani wawe wawili. Shule na maktaba zinazokiweka kwenye orodha ziwaambie watoto ukweli kwa sentensi moja kabla hawajakifungua. Na wazazi wenzangu mlioko huku, fungueni ukurasa wa shukrani kabla ya kununua. Kama kuna ambaye amewahi kuibana shule kwa jambo la namna hii akafanikiwa, aniambie alipitia wapi. Kikao cha wazazi ni Alhamisi.

NYONGEZA, Jumatano usiku: Nimeona michango. Anayesema "hata marais huandikiwa hotuba", ndugu yangu, mtoto wa miaka 13 hakai na hotuba ya rais chini ya shuka akijiuliza kwa nini yeye hawezi kuandika kama hivyo. Anayesema nimemharibia mtoto furaha, nimekusikia, na hilo linanikaa rohoni. Ila ningelifanya tena.

Kwa aliyeuliza huyo Curham ameandika nini chake: tulikwenda maktaba jana, tukauliza vitabu vyenye jina lake. Kipo kiitwacho Dear Dylan, alikitoa mwenyewe mwanzoni, na mwaka 2010 kilipata tuzo ya Young Minds. Ni barua pepe mwanzo hadi mwisho. Msichana wa miaka 14 anamwandikia nyota wa tamthilia ya runinga anayempenda, anamweleza shida zake zote, na kumbe anayemjibu ni mama wa yule nyota. Binti yangu alisoma maelezo ya nyuma ya jalada pale pale kwenye rafu, amesimama, akayasoma tena, kisha akaniangalia bila kusema kitu.

Yuko ukurasa wa 60 na kitu. Ile barua ameigeuza, juu sasa kuna majina mawili, na swali la pumzi hajalibadilisha hata neno. Nitaipeleka mwenyewe Alhamisi.