USB-C moja, mbona kebo hazilingani?

Swali: Tangu 28 Desemba 2024, simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya na kuchajiwa kwa waya lazima ziwe na tundu la USB-C. Mbona basi kebo mbili zenye vichwa vilevile, moja inachaji fasta, nyingine inakokota?

Jibu 1: Sheria inabana tundu na namna ya kuchaji, haijafanya kebo zote zilingane nguvu. Kebo ya kawaida ya C kwa C hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwenye volti 20. Kupata ampea 5, lazima kichwani kuwe na kichipu cha utambulisho. Chaja isipokiona haivuki 3, hata iwe ya wati 100.

Jibu 2: Na data ni habari nyingine. Kebo inaweza kuandikwa 240W na bado ikawa USB 2.0, kiwango cha zamani cha kupitisha data: megabiti 480 kwa sekunde, basi. Kuhamisha video utazeeka.

Jibu 3: Kabla ya kulaumu kebo, mulika tundu kwa tochi. Vumbi la mfukoni hushindiliwa nyuma, kichwa hakizami chote. Zima simu, likwangue taratibu kwa kijiti cha mbao. Sindano hapana! Kile kiulimi cha katikati kina pini 24.