Naomba ushauri: magazeti ya Shanghai na wanamichezo wanawake wa China, miaka ya 1930

Heshima kwenu wakuu. Naandika tasnifu kuhusu magazeti na michezo ya wanawake China, na nimekwama.

Mfano wangu mkuu ni Yang Xiuqiong, muogeleaji aliyeng'ara kwenye Michezo ya Taifa ya Nanjing mwaka 1933 akiwa bado binti mdogo. Magazeti yakambandika jina la "nguva mrembo", picha zake zikazagaa. Kinachoniuma ni kwamba uzuri wake ulisemwa sana, mbio zake majini kidogo.

Nimepitia nakala za Linglong, jarida la wanawake la Shanghai (1931–1937), ambazo Chuo Kikuu cha Columbia kimeziweka mtandaoni. Kijarida chenyewe kidogo, cha kuingia mfukoni. Kichina sijui, programu ya kutafsiri kwenye simu inachanganyikiwa na maandishi ya zamani yanayoshuka wima, kwa hiyo nimebaki na picha tu.

Naombeni msaada: nitumie ushahidi gani kuonyesha kwamba magazeti yaliwavuta wasichana michezoni, si kuwapamba tu? Na anayesoma Kichina cha zamani, nianze kutafuta maneno yapi?

Natanguliza shukrani.