Video ya wakulima wa mwani Jambiani: nawafikiaje wenye blogu na makundi ya mitandaoni?

KijanaWaJambiani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina video YouTube ya dakika 11 juu ya wakulima wa mwani wa kwetu Jambiani, Unguja. Mama yangu mzazi yumo pamoja na wenziwe wa ushirika. Nimeonesha kazi yote: kupiga vigingi, kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yakitoka, kuanika, mpaka sabuni wanayoitengeneza wenyewe. Kuna na bibi mmoja anayehadithia jinsi kilimo kilivyoanza hapa na Paje mwaka 1989, na jinsi mwani wa aina ya kotonii unavyokufa kwa joto la bahari, wakabaki na aina nyingine, spinosum, ambayo bei yake ni ya chini.

Iko hewani karibu mwezi, watazamaji hawajafika 200. Linki nimeiweka kwenye makundi yote ya WhatsApp niliyomo, Facebook na Instagram pia. Wenye blogu nimewaandikia, hajajibu hata mmoja. Sasa kuna mtu ananiuzia watazamaji 10,000. Ninunue? Na wenye blogu huandikiwa vipi hasa mpaka wakasikia? Nataka kina mama hawa waonekane, na sabuni yao ipate wateja.

Chuma cha Pua

Mkuu, usinunue watazamaji, weka tangazo la kulipia Instagram. Elfu ishirini tu utaona mabadiliko. Blogu siku hizi nani anasoma?

Bi wa Mtwapa

Mwanangu, nimeitazama video yako yote jana usiku, na yule bibi anayeeleza habari za kotonii nimemrudia mara mbili. Kazi yangu huku Mombasa ni kuzitafutia video watazamaji, nyingi za vikundi vya kina mama na vya wavuvi, kwa hiyo vumilia nikikuandikia marefu.

Watazamaji wa kununua achana nao. YouTube inawakataza na huwafuta kwenye hesabu, na hata wasipofutwa hawakai. Mtambo wa YouTube hupima mtu amekaa na video kwa muda gani kabla ya kuipendekeza kwa mwingine. Ukimimina watu elfu kumi wanaotoka sekunde ya tatu, umeuambia mtambo kwamba video hii haitazamiki.

Kabla hujamwandikia mtu yeyote, tengeneza mlango. Ingia YouTube Studio, fungua takwimu za video, tazama ule mstari unaoonyesha watu wanabaki mpaka wapi. Sitashangaa ukiwa unashuka kabla mama yako hajafungua mdomo, maana umeanza na droni na muziki na jina lako kwa muda mrefu. Kihariri cha YouTube Studio kinakuruhusu kukata kipande hicho bila kupandisha video upya. Kikate, aanze yule bibi. Na kichwa "Hazina ya Bahari" hakuna anayekiandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Watu huandika "kilimo cha mwani" au "sabuni ya mwani". Tumia maneno yao. Kisha weka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kwa anayetazama ndani ya daladala bila sauti, na ya Kiingereza kwa wageni.

Sasa linki. Ukimtumia mtu linki ya YouTube kwenye WhatsApp, unamwomba atumie bando lake kwa dakika 11 za kitu asichokijua. Wengi wana bando la mitandao ya kijamii tu, na YouTube haimo. Kwa hiyo kata kipande kifupi cha wima, kisizidi dakika moja, kikae ndani ya WhatsApp yenyewe na kiwe chepesi. Kipande hicho kiwe na jambo lililokamilika: bibi anashika kamba ya kotonii iliyooza mkononi, anasema alichosema, basi. Linki ifuate chini yake. Facebook vilevile, pandisha kipande chenyewe. Instagram linki ya kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, iweke kwenye wasifu au kwenye stori.

Na usitegemee watu kuusukuma ujumbe mmoja mbele. Tangu Januari 2019 WhatsApp inamruhusu mtu kusambaza ujumbe kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi unakwenda kwa mtu au kundi moja tu kwa mara moja. Kinachofika mbali ni kipande kinachotumwa upya na watu mbalimbali, kila mmoja na neno lake. Kwenu watu hao wapo tayari: ni kina mama wenyewe wa ushirika. Kila mmoja akiweka stetasi yake, akaandika "huyu ni mimi, na hii ndiyo kazi yangu", wanaotazama ni wifi, marafiki, wanunuzi wa sokoni. Hakuna tangazo litakalokupa hao.

Hapa nikupe mfano wa jirani, maana una pande mbili na zote zinakuhusu. Machi 2012 shirika la Invisible Children la Marekani lilitoa video ya Kony 2012, nusu saa nzima, kuhusu kiongozi wa waasi Joseph Kony na vita vya kaskazini mwa Uganda. Ilipita watazamaji milioni 100 ndani ya siku sita. Watu wengi husema ni Oprah Winfrey aliyeibeba, na kweli alipoitaja iliruka. Lakini kampuni ya SocialFlow ilipochambua ujumbe wa mwanzo kabisa wa Twitter, ilikuta moto uliwashwa na vikundi vya vijana katika miji ya kawaida ya Marekani, Birmingham ya Alabama ukiwa mmojawapo. Shirika lilikuwa limewajenga vijana hao kwa miaka. Tena video haikuwaambia watu "sambazeni" halafu ikanyamaza. Iliwapa orodha ya watu mashuhuri 20 na watunga sera 12, na njia ya kumwandikia kila mmoja.

Upande wa pili ndio unaoniuma mpaka leo. Tarehe 13 Machi mwaka huohuo video ilionyeshwa hadharani mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu walioteswa na vita vyenyewe. Walikasirika. Waliona msiba wao umegeuzwa fulana na bangili, na hadithi inamhusu zaidi Mmarekani aliyeitengeneza kuliko wao. Maonyesho yaliyokuwa yamepangwa kufuata yakasitishwa. Dunia nzima ilikuwa imeshaitazama kabla yao.

Basi nakuuliza mwanangu: kina mama wa Jambiani wameiona? Wote, pamoja, si mama yako peke yake kwenye simu yako? Kama bado, hilo lianze. Subiri maji mafu, yale yasiyotoka sana, maana bamvua wako kazini, azima projekta skulini au televisheni ya baraza yoyote, waonyeshe. Anayesema "hapo nitoe", mtoe.

Habari ya blogu nitarudi baada ya magharibi.

KijanaWaJambiani

Shukran sana dada yangu. Kwa kweli mama tu ndiye aliyeiona. Nitalifanya hilo wiki hii, maji yanaanza kufa. Ujumbe niliowapelekea wenye blogu ulikuwa huu: "Habari, naomba mnisaidie kusambaza video yangu, linki hii hapa, asanteni."

Bi wa Mtwapa

Nimerudi. Ujumbe huo unamwomba mtu kazi bila kumwambia kwa nini yeye. Mwenye blogu analinda wasomaji wake. Swali lake ni moja tu: watu wangu watapata nini hapa?

Video yako ina habari nyingi ndani yake, na kila mwenye blogu anahitaji mojawapo. Anayeandika urembo na ngozi, mpe sabuni. Wa mazingira, mpe joto la bahari na kotonii. Anayeandikia watalii wa pwani ya mashariki, mweleze wale kina mama anaowaona mbali majini ni nani na wanafanya nini. Wa biashara ndogo, mpe ushirika na mizani yake ya bei. Wazanzibari wa Muscat, London na Kanada wana kurasa na makundi yao, nao uwape sauti ya bibi, kwa lahaja yake, isiyokatwa. Global Voices, mtandao wa kimataifa wa waandishi wa blogu, nayo ina ukurasa wa Kiswahili. Chagua wachache, soma walichoandika karibuni, kisha mwandikie kila mmoja peke yake. Kwa mfano mwenye blogu ya sabuni za asili:

"Shikamoo dada. Nimesoma makala yako ya sabuni ya mchaichai, hasa pale ulipoeleza kwa nini sabuni changa huchubua ngozi. Kina mama wa ushirika wa mwani Jambiani hukausha sabuni yao kwa wiki kadhaa kwa sababu hiyohiyo, na mmoja wao yuko tayari kukueleza kwa simu wanavyochanganya. Nina kipande cha sekunde 50 kinachoonyesha kazi hiyo, na picha mbili unazoweza kuzitumia bure ukitaja ushirika. Video nzima ni hii. Ukihitaji kipande kingine nitakukatia."

Umeona? Kuna alichoandika yeye, kuna kitu kipya ambacho wengine hawana, kuna mtu wa kuzungumza naye, na hujamwomba "asambaze". Picha usizibandike nzito kwenye barua pepe, weka linki. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kwa sentensi mbili, kisha mwache kwa amani. Akichapisha, nenda chini ya makala yake ujibu maswali ya wasomaji mpaka yaishe. Wengi huondoka hapo, na hapo ndipo mnunuzi wa sabuni anapouliza bei.

Makundi ya ughaibuni, mwandikie kwanza msimamizi. Ukiingia na kutupa linki utatolewa, na watakuwa na haki. Tuma usiku wao, baada ya kazi. Muscat wako saa moja mbele yetu, London nyuma kwa saa mbili au tatu.

Chuma cha Pua, tangazo la kulipia silikatai. Lakini lije baada ya kipande kimojawapo kuonyesha chenyewe kwamba watu wanakimaliza. Hicho ndicho ukiwekee pesa.

Mzee wa Raskazone

Salaam wote. Naongezea kwa upande wa pili wa meza, maana blogu ninayo. Niliingia kwa kuwafuata kina Ndesanjo Macha, aliyeanzisha blogu ya Jikomboe mwaka 2004 akiandika kwa Kiswahili wakati hakuna aliyefanya hivyo, na Issa Michuzi aliyefuata 2005. Ndugu yangu anayeuliza nani anasoma blogu: makala niliyoandika miaka sita iliyopita juu ya mikoko ya Tanga bado inaletewa wasomaji na Google kila siku. Posti ya Instagram ya juzi imeshazikwa.

Kijana, mambo mawili Bi Mtwapa hakuyagusa. La kwanza ni ruhusa. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zikafuatiwa na za 2020, sisi tunaochapisha huku Bara tuko chini ya masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nikiweka video yako na mtu akalalamika, anayeulizwa ni mimi. Niambie kwenye ujumbe wa kwanza nani alipiga picha, na kwamba waliomo wamekubali. Droni nayo ina vibali vyake, nitajie kama ulikuwa navyo.

La pili ni ule wimbo wa taarabu uliouweka pale wanapoanika. Ni mtamu, lakini ni wa watu. YouTube ina mtambo wa kutambua nyimbo, mwenye haki anaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake, nami nibaki na makala yenye kisanduku cheusi katikati. Pata idhini ya wenye wimbo kwa maandishi, COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, wako hapo Unguja watakuelekeza, au waombe kina mama waimbe wao. Nimewasikia kwa mbali dakika ya saba wakiimba wanafunga mbegu. Mimi ningeiinua sauti hiyo na kuutoa wimbo kabisa.

KijanaWaJambiani

Mzee wangu, droni ilikuwa ya rafiki mwenye kibali, nitaambatisha jina lake. Wimbo nitautoa. Swali la mwisho: mmoja wa wenye blogu amenijibu leo, anataka pesa ndiyo aiweke. Nilipe?

Mzee wa Raskazone

Ukimlipa ni tangazo, na aliandike kuwa ni tangazo. Mimi kwa makala silipwi na mtu ninayemwandika. Kwa pesa hiyohiyo ungewanunulia kina mama bando la kuweka stetasi mwezi mzima.

Bi wa Mtwapa

Mzee amesema kweli, na hilo la kina mama kuimba ndilo zuri kuliko yote niliyoyasoma hapa. Kipande hicho ndicho utangulie nacho TikTok, bila maneno yako juu yake. Ukishawaonyesha kina mama na ukapata majibu yao, niandikie kwa faragha. Nina msimamizi wa kundi la Wazanzibari wa Muscat, nitamuuliza kwanza kama anakubali nikukutanishe naye.

KijanaWaJambiani

Alhamisi baada ya alasiri, baraza la skuli, mwalimu mkuu ameshakubali. Mama anasema watakuja wote, na yule bibi ameuliza kama anaweza kuja na wajukuu zake.