Ukoo wa Mzee Kibwana 🌴 (watu 23)

ALHAMISI

Da Rehema 06:12
Asalaam aleykum ukoo. Da Mwanaidi jana kamaliza mionzi ya saratani ya ziwa hospitali ya Ocean Road, ya 15 kati ya 15. Alhamdulillah. Sasa tuamke. Kwanza dua ya shukrani Jumapili ijayo, 20,000 kila nyumba, tuma na ya kutolea. Pili zamu za kumsaidia. Nakili orodha, ongeza jina lako:
KUFUA NA MAJI
J3: Rehema
J4:
J5:
Alh:
Iju:

Wifi Joyce 06:40
Mungu ni mwema 🙏

Mjomba Side 07:02
Kuna pilau?

Da Rehema 07:03
Shikamoo Mjomba. Pilau haiulizwi kabla ya jina.

Mjomba Side 07:05
Marahaba. Mimi nikimfulia nguo atarudi wodini kwa mshtuko.

Hamisi Kimara 07:06
😂😂😂

Da Rehema 09:48
Tuko 23, waliosoma 19. Nawaona.

Hamisi Kimara 10:15
Lakini da Rehema, si kapona? Juzi nimemkuta Mbagala Rangi Tatu anatembea vizuri tu. Na nywele zimeota, zinajikunja kuliko zamani.

Da Rehema 10:17
Nywele ndizo zilizopona Hamisi. Mkono je? Walimtoa na tezi za kwapani upande wa kushoto, maji ya mwilini hayana pa kushukia. Jumanne kabeba ndoo moja ya lita 20, jioni pete haitoki kidoleni. Tumetumia sabuni na mafuta ya nazi mpaka ikatoka.

Da Rehema 10:19
Na si kwamba akae kama sanamu. Wa mazoezi pale hospitali kamwambia aunyooshe kila siku, vidole vipande ukutani kama buibui. Tatu kamwekea alama ya kalamu ukutani, jana kaipita kwa vidole viwili. Ila ndoo na mablanketi, bado.

Wifi Joyce 10:31
Na akienda popote, presha na sindano ni mkono wa kulia. Wiki iliyopita kuna mahali mtu alishamfunga ule mpira wa kushoto, nikapiga kelele watu wote wakageuka.

Wifi Joyce 10:33
Vidonge vya tamoksifeni navyo kaanza, kimoja kila siku, miaka 5 kwa kuanzia. Usiku anawaka moto, jasho linalowesha shuka, asubuhi shuka lingine la kufua hilo. Shem anadhani feni imeharibika, kaenda kununua nyingine.

Mjomba Side 10:34
Mwanamume anayejibu kwa vitendo huyo 😂

Baba Mdogo Yusufu 12:20
Miaka 5 ya vidonge hiyo ni biashara ya watu. Kuna mzee Mkuranga anachemsha majani ya mstafeli. Siku 40 tu.

Wifi Joyce 12:26
Shikamoo Baba Mdogo. Samahani sana, vidonge haviachwi. Uvimbe wake ulikuwa wa ule unaokula homoni, hivyo vidonge ndivyo vinavyoufungia mlango. Hata hayo majani akitaka kuyanywa, amuulize daktari kwanza.

Mjomba Side 12:29
Mkuranga hukohuko ndiko niliambiwa Simba hafungwi mwaka ule.

Hamisi Kimara 12:29
😂😂 Mjomba usituchokoze

Zai Maskati 13:05
Wapendwa nimechelewa, kazi. Mimi natoa fulana 30 za rangi ya waridi, mbele picha ya dada, nyuma "SHUJAA WETU". Tuvae wote siku ya dua.

Da Rehema 13:06
Mashallah Zai! Nitumieni saizi zenu.

Hamisi Kimara 13:06
XL

Mjomba Side 13:07
XXL. Nategemea pilau.

Da Rehema 13:40
Saizi mnajibu kwa dakika moja. J4 hadi Iju bado tupu.

Kuruthumu 14:02
Kabla sijatoa 20,000 naomba hesabu ya arobaini ya Baba Mkubwa. Ilibaki 180,000. Na sufuria langu la ubwabwa.

Da Rehema 14:03
Kuruthumu tusianze.

Kuruthumu 14:03
Sianzi. Naendelea nilipoishia.

Da Rehema 14:05
Sisi tunaongea afya ya mtu wewe unaongea sufuria?

Kuruthumu 14:06
Kisarawe nako mlisema hivyohivyo.

Baba Mdogo Yusufu 14:11
Kisarawe pasitajwe humu.

Bibi Temeke 16:50
🎤 Sauti (1:38)

Tatu 17:04
Kwa wasio na bando, Bibi anasema: "Nimesikia pilau, nimesikia fulana, nimesikia sufuria. Anayekwenda kesho kumfulia mjukuu wangu sijamsikia. Wewe Saidi, nilipougua mguu nani alikufulia wewe na nduguzo? Mwanaidi huyo, ana miaka tisa. Mdogo wangu Hadija alificha lake ndani ya kanga mpaka likatoa harufu, tukasema chango, tukasema jini, tukamzika. Huyu kasema mapema. Mmemuuliza anataka nini? Sherehe isubiri. Na Rehema, Jumamosi uje na lile daftari."

*(muda wa saa tatu bila ujumbe)*

Mjomba Side 20:12
Nimesikia Mama. J4 niandikeni. Maji nabeba, kufua nitamleta mama watoto.

Da Mwanaidi 21:37
Asanteni ndugu zangu. Nililala tangu saa tisa, nimeamka na bado nimechoka. Uchovu huu ukiulalia hauishi, sijui niuelezeje.

Da Mwanaidi 21:44
Dua sawa, ila nyumbani kwangu, watu wachache, nani kasema Jumapili? Zai mdogo wangu usikasirike, fulana hapana. Picha zangu zote nzuri nilizonazo nina maziwa mawili.

Da Mwanaidi 21:52
Uji wa lishe msilete tena, ndoo nne ziko jikoni. Ninachotaka mtu wa kunikandia unga saa kumi alfajiri. Wateja wangu wa chapati wamehamia kwa jirani. Kukaanga nitaweza kwa kulia, kukanda ndiko kunakonishinda. Na J5 nina kliniki, nataka wa kukaa upande wangu wa kushoto kwenye daladala, watu wanasukumana.

Da Mwanaidi 21:53
Kuruthumu sufuria lako liko kwangu mama. Nalowekea nguo.

Kuruthumu 21:55
Loweka tu dada. Nakuja J5, twende wote kliniki. La 180,000 liko palepale lakini.

Hamisi Kimara 22:01
Saa kumi alfajiri kutoka Kimara mpaka Mbagala?? Kukanda najua ila usafiri...

Da Rehema 22:08
KUFUA NA MAJI (mpya)
J3: Rehema
J4: Mjomba Side na mkewe
J5: Kuruthumu (kliniki)
Alh:
Iju: Hamisi??
KUKANDA:
Baba Mdogo, Zai, na wengine 14 mliosoma?

Zai Maskati 22:15
Fulana nimeshalipia nusu jamani

Da Rehema 22:16
🚫 Ujumbe huu umefutwa